Sauti Inafuata Nini? Kuchunguza Kelele za Giaboksi, Propela na Difu katika Gari la Zamani

Gari likishazeeka huwa na sauti zake, na mwenye gari huzizoea kiasi cha kuacha kuzisikia, mpaka siku inapozuka moja ambayo jana haikuwapo. Hapo ndipo makosa huanzia, kwa sababu jambo la kwanza tunalofanya ni kuitafutia mfano: inavuma kama nyuki, inagonga kama nyundo, inalia kama ndege; kisha tunamtafuta mtu wa kutuambia ni kifaa gani hulia hivyo. Lakini mvumo mmoja unaweza kutoka kwenye tairi, kwenye beringi ya gurudumu, kwenye beringi ya pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu) au kwenye giaboksi iliyopungukiwa oili, na masikio hayaitenganishi vizuri milio hiyo ndani ya bodi la chuma ambalo nalo linatetemeka. Swali lenye faida ni jingine: sauti hiyo inafuata nini? Je, inapanda pamoja na injini, au pamoja na mwendo wa gari? Je, inabadilika ukikanyaga mafuta na ukiyaachia? Je, inakuja kwenye kona tu? Anayeweza kujibu maswali hayo amekwisha kupunguza washukiwa kutoka kumi hadi wawili kabla hajashika spana.

Swali hilo lina nguvu kwa sababu kila kifaa kinachopeleka nguvu magurudumuni huzunguka kwa kasi yake na hubeba mzigo kwa wakati wake. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, nguvu hutoka kwenye injini, hupita kwenye flaiwili (gurudumu zito lililo mwisho wa injini) na klachi, huingia giaboksi, hufuata propela shafti (fimbo ndefu inayozunguka chini ya gari) hadi kwenye difu (kasha la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma), na kutoka hapo hugawanyika kwenye ekseli mbili hadi kwenye habu za magurudumu. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, difu imefichwa ndani ya giaboksi yenyewe, propela haipo, na kazi yake inafanywa na shafti mbili fupi zenye jointi za CV, yaani viungo vinavyozunguka hata vikiwa vimepinda. Kila kilicho kabla ya giaboksi huzunguka sawa na injini. Kila kilicho baada yake hufuata magurudumu, gia iwe yoyote.

Hesabu kidogo hulifanya jambo hili liwe wazi zaidi. Chukua gari lenye matairi ambayo mzunguko mmoja hufika karibu mita 2 za barabara. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 8 na kidogo kila sekunde. Kama krauni ya difu, ile gia kubwa inayozungushwa na pinioni, ina meno 41 na pinioni ina meno 10, propela huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa gurudumu, yaani takribani mara 34 kwa sekunde, na meno ya difu hukutana karibu mara 340 kwa sekunde. Tofauti hizo tatu ndizo unazozisikia mwilini na masikioni. Kitu kinachojirudia mara 8 kwa sekunde hakisikiki kama mlio, kwa kuwa sikio huanza kusikia kwenye mara 20 hivi. Hicho hukitambua kwa kutikisika kwa usukani au kiti, na hapo wa kushukiwa ni tairi, rimu au habu. Kinachojirudia mara 34, au mara 68 kwa krosi (kiungo cha msalaba kinachoiwezesha propela kupinda) iliyokwama, kwa kuwa yenyewe husumbua mara mbili katika kila mzunguko, huja kama mtetemo mzito unaousikia kwenye sakafu na kiunoni. Na kile cha mara 340 ni sauti nyembamba, ya aina ambayo mtu anaweza kuifuatisha kwa kuimba. Kwa hiyo mtu anaposema gari lake linatikisika na mwingine anaposema lake linaimba, hawaelezi kiwango cha ubovu. Wanaeleza kasi ya kitu kilichoharibika.

Kabla ya kuingia barabarani, ondoa washukiwa wa uongo. Kaza nati za magurudumu yote kwa spana, hata kama una hakika zimekazwa, kwa sababu gurudumu lililolegea hugonga na kukwaruza mithili ya beringi mbovu, na ni kosa linaloweza kumaliza safari mtaroni kabla ya jioni. Tazama kama kuna jiwe lililonasa kwenye mfereji wa tairi, kama bati la kukinga vumbi la breki limepinda na kugusa diski, kama bomba la moshi linagusa bodi, na kama lile bati jembamba la kukinga joto limeoza kwenye bolti zake. Bati hilo limewafanya watu wengi washushe giaboksi nzima bila sababu. Ligonge kwa ngumi bomba likiwa limepoa. Likilia, umepata jibu bila gharama.

Jaribio la kwanza la barabarani ndilo bora kuliko yote, nalo halihitaji chombo chochote. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari mengi, endesha kwa mwendo ambao sauti inasikika vizuri, tuseme kilomita 60 kwa saa, ukiwa kwenye gia ya nne, kisha ushushe hadi gia ya tatu bila kubadilisha mwendo wa gari. Injini sasa inazunguka kwa kasi zaidi, ilhali propela, difu na magurudumu yako palepale. Sauti ikipanda pamoja na injini, chanzo kiko kwenye injini, klachi, au sehemu ya giaboksi inayozunguka na injini. Sauti isipobadilika hata kidogo, chanzo kiko baada ya giaboksi. Rudia kwa kuweka gia fri na kuliacha gari liteleze injini ikiwa inawaka. Usiizime, kwa maana usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Sauti inayoendelea vilevile injini ikiwa imerudi kwenye mnguruko wake wa chini kabisa haina uhusiano na injini wala klachi.

Jaribio la pili ni la mzigo. Kwa mwendo uleule, kanyaga mafuta gari livute, kisha yaachie injini ilizuie gari, kisha yashike katikati, pale ambapo gari halivutwi wala halizuiwi. Meno ya gia hubeba mzigo upande mmoja gari linapovutwa na upande wa pili linapozuiwa, kwa hiyo sauti inayokuja katika hali moja tu hutokana na meno au na beringi zinazoyashikilia. Tairi na beringi ya gurudumu hazijali sana kama unakanyaga au unaachia. Hizo husikiliza mwendo na uzito.

Yapo mambo ambayo hujibiwa gari likiwa limesimama, na klachi ndiyo kubwa kati yake. Washa injini, weka fri, weka breki ya mkono, na usikilize pedali ikiwa juu. Kelele ikiwapo pedali ikiwa juu na ikatoweka unapoikanyaga hadi chini, kilichosimama ni shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi, kwa hiyo beringi yake, au beringi za shafti ya pili inayozungushwa nayo, ndizo za kushukiwa. Kelele ikizuka pedali inapokanyagwa na kutoweka inapoachiwa, mshukiwa ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, ambayo hubeba mzigo wakati huo tu. Katika magari yenye beringi ndogo au bushi katikati ya mwisho wa krenki shafti, yaani shafti kuu ya injini, hiyo nayo hulia pedali ikiwa chini na gia ikiwa imeingizwa, kwa sababu hapo krenki inazunguka na shafti ya giaboksi imesimama. Kwa kuwa kuzifikia beringi hizi kunataka kushusha giaboksi, ni upuuzi kubadilisha moja na kuiacha nyingine. Zote hubadilishwa pamoja na klachi.

Giaboksi yenyewe ina ushahidi wake mzuri. Katika giaboksi nyingi za magari yanayosukumwa nyuma, gia ya nne ni ya moja kwa moja: shafti ya kuingiza na ya kutoa hufungwa pamoja, na nguvu hupita bila kubebwa na shafti ya pili iliyo chini yake. Kwa hiyo giaboksi inayolia kwenye gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha ikatulia kwenye ya nne, inakuonyesha beringi au meno ya shafti hiyo ya chini. Inayolia kwenye gia moja tu ina tatizo kwenye meno ya gia hiyo. Kanuni hii haifai kwa giaboksi nyingi za magari yanayovutwa mbele, ambazo hazina gia ya moja kwa moja. Na gia ya kurudi nyuma isikutishe: katika magari mengi meno yake yamekatwa wima wala si kwa mshazari kama ya gia nyingine, na meno ya wima hulia hata yakiwa mapya. Kukwaruza kunakotokea wakati wa kuingiza gia tu si kelele ya kuzunguka. Ni sinkronaiza (ringi inayolinganisha kasi za gia kabla hazijaingia) iliyochakaa au klachi isiyoachia vizuri, na ukisubiri kidogo pedali ikiwa chini kabla ya kuingiza ya nyuma utajua ni ipi kati ya hizo mbili.

Kwa giaboksi ya otomatiki, sauti nyembamba inayopanda na injini hata ukiwa kwenye P huelekeza kwenye pampu ya oili, ambayo huzungushwa na injini muda wote. Mara nyingi oili imepungua au chujio limeziba. Kelele inayosikika ukiwa umesimama kwenye D na breki imekanyagwa, kisha ikapotea ukiweka N, huelekeza kwenye toki konvata, kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi. Zaidi ya hapo, kazi ni ya fundi mwenye vifaa.

Sasa tufike kwenye mgongo, yaani ule mlio wa "ko!" unaotoka chini ya gari unapoingiza gia au unapokanyaga mafuta baada ya kuyaachia. Huu ndio unaosumbua zaidi katika magari ya zamani, kwa sababu mara nyingi hauna mwenyewe mmoja. Krosi ya propela imelegea kidogo, meno ya shafti inayoteleza kwenye mkia wa giaboksi yamekauka grisi, nafasi kati ya pinioni na krauni imeongezeka, na mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini na giaboksi, zimepasuka. Kila kimoja peke yake kinavumilika, lakini milegezo hiyo yote hukusanyika, na nguvu inapobadilisha upande, vyote hugonga kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana watu hubadilisha krosi na kulalamika kwamba mgongo umepungua tu. Namna ya kuipima milegezo hiyo ni kulala chini ya gari lililowekwa stendi, injini imezimwa, gia ikiwa fri na magurudumu yamezuiwa, kisha kuizungusha propela kwa mkono huku na huku. Tazama kwa macho kila kiungo kwa zamu: kama pande mbili za krosi hazisogei pamoja, krosi imekwisha, kama zinasogea pamoja na pinioni inazunguka kidogo kabla ya kugota, hiyo ni nafasi ya difu, na kiasi kidogo chake ni halali.

Krosi iliyokauka hutoa dalili nyingine mapema kabla haijaanza kugonga: hulia chiu-chiu-chiu kama kifaranga gari likiwa polepole, na huacha unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake. Ukiuona unga huo, sindano za ndani zimekwisha kusagika hata kama krosi haichezi. Unapoifungua propela, weka alama pande zote mbili ili irudi ilivyokuwa. Krosi moja ikifanya kazi kwa pembe hutoa mwendo usio sawa, ukienda kasi na kupungua mara mbili kwa kila mzunguko, na krosi ya upande wa pili huwekwa kwa mpangilio maalumu ili ifute kasoro hiyo. Ukiifunga propela ya vipande viwili ikiwa imehama meno, unazaa mtetemo mpya ambao hakuna krosi mpya itakayouondoa. Propela ya aina hiyo ina pia senta beringi, inayoishikilia katikati, iliyofungwa kwenye raba. Raba ikipasuka, gari hutetemeka linapoondoka kisha hutulia.

Jointi za CV ni rahisi kuzitambua. Ya nje, iliyo karibu na gurudumu, hulia tak-tak-tak unapokata kona kali huku ukikanyaga mafuta. Tafuta uwanja mpana, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole kwa kila upande, kwenda mbele na kurudi nyuma. Wapo wanaodai kwamba upande wa kona hukuambia kwa hakika jointi ipi ni mbovu; mimi siiamini kanuni hiyo kuliko macho yangu, kwa hiyo huchungulia raba zinazofunika jointi. Iliyopasuka imetapanya grisi nyeusi ndani ya rimu, na mchanga umeingia badala yake. Jointi ya ndani, iliyo upande wa giaboksi, haifanyi hivyo. Yenyewe hulitikisa gari kushoto na kulia linapovuta kwa nguvu na hutulia ukiachia mafuta. Wengi huichukulia tairi isiyo na balansi, ingawa balansi haijali mafuta.

Difu husomwa kwa lile jaribio la mzigo. Wimbo mwembamba unaokuja katika kuvuta tu mara nyingi hutokana na jinsi meno ya pinioni yanavyogusana na krauni, aidha kwa kuchakaa au kwa kufungwa vibaya na mtu aliyetangulia. Unaokuja ukiachia mafuta hufanya pinioni yenyewe ishukiwe kulegea kwenye beringi zake. Mngurumo mzito usiojali hali yoyote huashiria beringi za pinioni, na kwa kuwa pinioni huzunguka mara nne zaidi ya gurudumu, mngurumo wake huwa wa haraka zaidi kuliko wa beringi ya gurudumu. Kelele inayosikika kwenye kona tu na kupotea barabara ikinyooka hutoka kwenye zile gia ndogo za ndani, ambazo kwenye mnyoofu hazizunguki kwenye pini zao. Pima oili kabla ya kitu kingine chochote. Meno ya difu nyingi za nyuma huteleza juu ya mengine kwa nguvu badala ya kubingirika tu, na bila oili ya daraja linalofaa, kwa kawaida GL-5, huharibika upesi. Oili hiyohiyo haifai kumwagwa tu kwenye giaboksi yoyote, kwa kuwa viungo vyake vikali vinaweza kuzidhuru sinkronaiza za shaba katika giaboksi zilizotengenezwa kwa GL-4.

Beringi ya gurudumu na tairi ndizo zinazochanganywa kuliko vitu vingine, nami nimelipia somo hilo. Gari langu lilivuma nyuma kulia. Nikabadilisha beringi, likaendelea. Nikaamini beringi mpya ni mbovu, nikabadilisha tena. Chanzo kilikuwa tairi lililoliwa kwa mawimbi, ambalo ningelitambua kwa kiganja tu kama ningelipapasa kuzunguka. Sauti ya tairi hubadilika barabara inapobadilika kutoka lami mbaya hadi laini, na huhama ukihamisha tairi kutoka nyuma kwenda mbele. Ya beringi haifanyi hivyo. Beringi nayo hubadilika kwenye kona ndefu: ukipinda kulia, uzito wa gari huhamia kushoto, kwa hiyo mvumo unaoongezeka hapo mara nyingi ni wa beringi ya kushoto. Kulitikisa gurudumu kwa kulishika juu na chini huonyesha mlegezo, lakini beringi nyingi hulia muda mrefu kabla hazijalegea. Njia ya uhakika zaidi ni kuinua gurudumu, kulizungusha kwa mkono mmoja na kushika springi ya shokomzoba kwa mkono mwingine, kwa sababu ukwaruzo ambao sikio halisikii hupanda kwenye springi na vidole huuhisi.

Baadhi ya mafundi huwasha injini na kuingiza gia gari likiwa hewani ili wasikilize kwa bisibisi ndefu iliyogusishwa sikioni. Husaidia, ila kwa masharti. Gari liwe kwenye stendi imara, kamwe si kwenye jeki pekee, na mtu asikaribie shafti zinazozunguka akiwa na nguo inayoning'inia. Ukiinua gurudumu moja tu la ekseli inayoendeshwa, difu ya kawaida hulizungusha mara mbili ya kasi inayoonyeshwa, kwa hiyo mita ikisoma 50, gurudumu linakwenda kama la 100. Tena, magurudumu yakining'inia, jointi za CV hukaa kwenye pembe ambazo hazikai barabarani na zinaweza kulia zikiwa nzima kabisa.

Mwisho wa uchunguzi ni oili yenyewe. Fungua bolti ya kumwagia, ambayo katika giaboksi na difu nyingi ina sumaku. Ujiuji laini wa kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida wa miaka mingi. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno au ngozi ya beringi iliyobanduka, na gari lenye vipande hivyo lisiendeshwe tena hadi lifunguliwe. Chembe za njano ndani ya oili ya giaboksi, ambazo sumaku haizishiki, ni shaba ya sinkronaiza.

Ukishatengeneza, rudi kwenye barabara ileile, mwendo uleule na gia zilezile, na usikilize upya bila redio. Gari la zamani mara nyingi huwa na kelele mbili, kubwa ikiifunika ndogo, na ile ndogo huanza kusikika siku kubwa inapoondoka. Anayedhani kazi ya kwanza imeharibika hurudi kuvunja kilicho kizima, ilhali sauti iliyobaki ina tabia yake, na huenda inafuata kitu kingine kabisa.